Wachawi wa Urusi na Paa la Dada Yangu

Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo kile kitabu cha Kirusi cha wachawi nilisimuliwa tu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mosocho, alikuwa amesomea uhandisi Urusi. Akarudi na kofia ya manyoya iliyobwekewa na kila mbwa. Kazi hakupata, basi alikuja kwangu Manga kunisaidia kuchuma majani chai, na huku tukichuma ananieleza kitabu: mji mkubwa wa baridi, wachawi wa giza upande huu, wa nuru upande ule, wamepatana wachungane.

"Hapo ni Kisii," nikamwambia. "Omorogi anaroga, omoriori anafukua dawa zake. Mmoja akistaafu, mwingine hana kazi."

Akacheka. "Mjomba, hizi ni hadithi tu!"

Lakini mtoto wa jirani wa mama yake alikuwa amekufa ghafla, na watu walianza kupita mbali na mlango wa dada yangu, wakinong'ona kuwa ndiye omorogi. Mjane, Msabato. Yeye mwenyewe akamwita omoriori.

"Aje apekue. Asipopata kitu, watanyamaza."

Tulimkataza. Alisikia wapi? Siku hiyo akapika hata chai ya kumkaribisha.

Omoriori akafika mchana. Alikuwa na koti zuri, la duka la Mhindi mjini nadhani, nililitamani, Mungu anisamehe. Akavua koti na shati, watu waone hakuficha kitu. Akapanda paa la nyasi la jiko, akaingiza mkono, akatoa pembe ya uchawi iliyofungwa kitambaa.

Hakuna aliyepiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama, toka jua likiwa bado juu," mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa.

"Lakini nilimwita mwenyewe!" dada yangu akasema. "Ningeficha kitu halafu nimwite?"

Mpwa wangu akajaribu kumtetea kwa Ekegusii, akajaribu Kiswahili cha redio, akajaribu Kiingereza. Mimi sikujaribu kitu.

Tukapanda kwangu Manga kwa miguu, dada yangu na Biblia yake.

"Katika kile kitabu," nikamuuliza mpwa wangu, "watu wa kawaida hukimbilia wapi?"

"Hawaambiwi hata kama kuna vita, mjomba."

Tulipofika juu tukageuka. Moshi ulikuwa umeanza kule chini, upande wa kwa dada yangu.

"Ni jiko tu," dada yangu akauliza, "ama na nyumba?"

Tukasimama tukiangalia. Kutoka kule juu huwezi kujua.