Siku za Kusubiri Treni

Nimefundisha jiografia miaka ishirini na mbili. Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya usafirishaji, husimama mbele ya darasa na kueleza reli za Ulaya kama mtu aliyezaliwa stesheni. Nachora Mto Rhine ubaoni, nachora reli huku na huku, napigia mstari. Treni yenyewe sijawahi kuipanda. Mkoa wetu wa Ruvuma hauna reli, na ile ya jirani, nilipopita Makambako kwa basi, niliona vyuma viwili vimelala na mbuzi wamesimama katikati yake. Wanafunzi hawakuwahi kuniuliza, nami sikuona sababu ya kujitangaza.

Kwa hiyo mwenzangu wa Ujerumani aliponiandikia kwamba shule yao, ambayo ni rafiki wa shule yetu hapa Mbinga, inanialika mwezi wa sita, na kwamba wazazi wa kule wameninunulia pasi ya treni, nilipiga ukelele hadi jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Mwenzangu huyo ni mwalimu wa kike aliyewahi kukaa kwangu miezi miwili, akajifunza kusonga ugali na kunisema nikichelewa. Akanieleza kwamba pasi ni ya mwezi mmoja, na ndani ya mwezi huo unachagua siku saba za kusafiri. Siku uliyoichagua unapanda treni yoyote, nchi yoyote, mara nyingi upendavyo. Siku zilizobaki unatulia ulipo.

Jumamosi hiyohiyo nikateremka ziwani kumwambia mama. Nilimkuta nje akigeuza usipa juani. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumwaga majina: Paris, Vienna, Venisi, Roma. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na samaki. Halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Sista yuko mji gani?"

Hapo inabidi nieleze. Sista alikuwa muuguzi, Mjerumani, aliyeendesha zahanati ya misheni kijijini kwetu tangu mimi sijazaliwa. Mama ndiye aliyekuwa msaidizi wake kwenye wodi ya wazazi: kufua mashuka, kuchemsha vyombo, kuwashika mkono wanaojifungua. Waligombana kila siku iendayo kwa Mungu, mara sabuni, mara kuni, mara nani kaacha dirisha wazi, na hakuna aliyeweza kukaa siku mbili bila kumwulizia mwenzake. Kisha Sista akazeeka, wakubwa wake wakamwita arudi kwao. Mama aliisikia habari hiyo kanisani, kwenye matangazo, pamoja na watu wote. Alikasirika sana. Miaka yote ile, halafu eti aje aambiwe na katekista.

Siku ya safari, gari la misheni lilisimama mbele ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa likizo, natokea chuo cha ualimu. Mama alikuwa ameniagiza niseme ameenda shamba, mwenyewe akaingia kwenye mihogo nyuma ya nyumba, akachutama. Nikatoka, nikasema kama nilivyoagizwa: mama yuko shamba, bado hajarudi. Sista akajibu kwamba atamsubiri. Akasubiri kweli, mlango wa gari wazi, mkoba magotini, dereva akitazama saa yake kila mara. Mwishowe akanipa mkono, akaniambia nimsalimie mama akirudi, gari likaondoka. Mama akatoka mihogoni, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Hatukulizungumza tena. Lakini kwetu mtu kusafiri bila kuagwa si jambo dogo, na hili lilimkaa mama moyoni miaka yote. Siku ile, akigeuza usipa, alilisema waziwazi kwa mara ya kwanza. Padri alikuwa amemwambia kwamba Sista yu hai, yuko kwenye nyumba ya masista wazee huko kwao, ila umri umeenda. Basi nikifika nikamuage kwa niaba yake, na nimwombe radhi.

"Nitafika, mama," nikasema, kwa wepesi wa mtu anayeahidi kuleta pipi.

Nikarudi Mbinga, nikabandika ramani ya Ulaya ukutani sebuleni, nikanunua pini na uzi mwekundu wa kufumia. Mwenzangu alinitafutia mji wa Sista: mji mdogo kusini, milimani, unabadilisha treni mara mbili na kumalizia na kitreni cha mwisho. Kwenye ramani yangu haukuwamo kabisa. Nikapiga hesabu ya siku, kwenda moja, kurudi moja, mbili zimekwenda kati ya saba. Nikaliandika jina lake pembeni kwa penseli, na mbele yake nikaandika: nafasi ikibaki. Haki ya Mungu, niliandika hivyo, kwa mkono wangu huu.

Nafasi haikubaki, kwa sababu nilikuwa nimegeuka mtaalamu. Ofisi ya walimu haikunywa chai kwa amani wiki tatu. Nilimfundisha mwalimu mkuu wa shule namna ya kuvuka mpaka wa Ufaransa akiwa amekaa. Nilimweleza mwalimu wa fizikia, ambaye hakuuliza, tofauti ya treni ya haraka na ile inayosimama kila kijiji. Nikaandika ratiba yangu kwenye daftari kubwa kwa wino wa rangi mbili.

Sasa, mimi ni mtoto wa ziwani. Nimekua nikijua kwamba chombo cha kusafiria hakina saa, kina siku, na siku yenyewe usiiamini sana. Bibi yangu akienda kungoja meli alibeba mkeka, sufuria na unga, na kuna safari nilikaa naye mchangani siku mbili tukitazama maji. Kwa hiyo ratiba yangu ilikwenda hivi: siku ya kwanza, kufika Frankfurt. Siku ya pili na ya tatu, kusubiri treni. Siku ya nne, kupanda treni kwenda Paris. Siku ya tano na ya sita, kusubiri treni. Nikaweka na mkeka kwenye orodha ya mizigo, na chupa ya chai, na kitenge kimoja cha kutupia kwenye kiti ili watu wajue kina mwenyewe. Mwalimu wa fizikia akasema hajawahi kuona mtu anakwenda mbali namna hii ili alale stesheni. Nikamjibu kwamba yeye aliyefika Songea tu hawezi kuelewa mambo ya reli.

Nikaipiga picha ratiba, nikaituma Ujerumani. Kwenye ujumbe niliongeza swali: je, inaruhusiwa kumtuma mtu mapema akushikie nafasi?

Mwenzangu alinipigia simu siku hiyohiyo. Kwanza alinisifia mwandiko, nikajua kuna jambo. Akauliza kwa upole nitakuwa nafanya nini Frankfurt stesheni siku mbili. Nikamwambia nasubiri treni. Akasema treni za kwenda Paris zipo kila baada ya saa chache, kila siku, na kiti unakiandikisha kwenye simu ukiwa umelala kitandani. Aliongeza kwamba zinachelewa kweli siku hizi, wenyewe wanazilalamikia, lakini hazijafikia kiwango cha mkeka. Hapo alishindwa kujizuia, akacheka. Nami nikacheka, ile ya kucheka meno huku uso unawaka moto.

Nikafuta siku zote za kusubiri. Zilikuwa kumi na nne. Mtu mwenye akili angesema, asante Mungu, siku kumi na nne, mama yangu anataka kitu kimoja tu. Mimi nilisema, Praha. Nikasema na Budapest, na Copenhagen pia, kwa kuwa nilishamwambia mwalimu mkuu kwamba kuna daraja refu. Siku moja ya pasi nikaipakia miji mitatu, kwenye mmoja nitakula asubuhi, kwenye mwingine mchana, wa tatu nitauona dirishani. Uzi mwekundu ukazunguka ukuta mzima. Nilikuwa nikikaa kwenye kochi naitazama kazi yangu na kuipenda.

Wiki iliyofuata mama akapanda Mbinga kuangaliwa macho. Asubuhi, wakati namwekea chai na viazi vitamu, aliinuka, akausogelea ukuta. Akaufuata uzi kwa kidole, pole pole, pini kwa pini, mimi nikimtajia miji kwa sauti ya darasani. Alipomaliza mzunguko akaniomba nimwonyeshe alipo Sista.

Nikaweka kidole kwenye milima, mahali pasipo na pini.

"Mbona uzi haufiki?" mama akauliza.

Jamani, nilieleza. Nilieleza kuhusu siku saba, kuhusu kubadilisha treni, kuhusu kitreni cha mwisho, nikasema labda nimpigie Sista simu nikiwa Vienna, maana Vienna si mbali sana. Nilieleza vizuri kuliko ninavyoeleza darasani. Mama alinisikiliza hadi nikaishiwa, akasema, "Sawa," akarudi kwenye chai yake. Sawa ya mama naijua. Ndiyo ileile aliyosema kanisani siku ya matangazo.

Nikaenda shuleni, nikawafokea kidato cha tatu bila sababu, nikamjibu vibaya mwalimu wa fizikia, aliyekuwa ananisalimia tu. Nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe na sikuwa na mahali pa kuipeleka hasira. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni siku ile nikamdanganya Sista, nikimwona alivyokaa garini na mkoba wake. Na sasa nilikuwa nataka kumpita tena kwa sababu kwenye ramani hayumo.

Niliporudi nilivuta uzi wote. Pini zikamwagika sakafuni, nikaikanyaga moja, nikasema ahsante, nimestahili. Nikaweka pini mpya kwenye milima, nikapeleka uzi kutoka Frankfurt hadi pale moja kwa moja. Paris niliibakiza, mimi ni mwanadamu. Nikarudisha na siku za kusubiri, nne, zote kwenye mji wa Sista. Mwenzangu aliponiuliza nitafanya nini siku nne kwenye mji wenye barabara moja, nikamwambia nitakaa na mtu. Safari hii hakucheka. Akaandika barua kwa ile nyumba ya masista wazee, akaeleza mimi ni nani, na nimetumwa na nani.

Majibu yalikuja jana, nikiwa kwenye veranda ya ofisi ya walimu na madaftari mkononi. Mwenzangu alikuwa ameyatafsiri. Mtawa anayemtunza Sista alisema nakaribishwa, ila nijue mapema kwamba mgonjwa wake anasahau sana, siku nyingine hakijui hata chumba chake. Walipomtajia kijiji chetu hakuonyesha kitu. Walipomtajia mama, akauliza kama ameshatoka shamba.

Nikaweka madaftari chini, nikampigia mama. Nilimsomea taratibu, neno kwa neno, kwa Kinyasa, lugha yetu ya nyumbani. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akipita na kumsalimia mama, na mama hakumwitikia, jambo ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu. Nikadhani simu imekatika. Nikaita.

"Nipo," akasema. "Mwambie nimerudi."