Kumi na Mbili Kutoa Kumi na Mbili

Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la shirika la umma, hukuhuku Temeke. Mie nilikuwa naandika programu za kompyuta ya shirika hilohilo, kule mjini. Miaka ile ya Ujamaa kompyuta ilikuwa kubwa kuliko chumba tulichopanga, lakini akili yake, mh, ilijua namba tupu. Ukiipa umri wa mtu na uzito wa gunia, itajumlisha wala haiulizi.

Nilitaka kila saa ya mfanyakazi tunayoiingiza, ya kufika au ya kutoka, iwe kitu kamili: namba yake, pembeni usiku au mchana, na kanuni yake yenyewe ya kutoa. Mkuu wangu alicheka. "Ndugu, namba ni namba. Ukiivika kanzu itaswali?" Tena akasema nafasi kwenye mashine haitoshi. Nikaiandika programu hivyohivyo, kwa namba tupu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza wa programu hiyo tukapitisha kadi za mahudhurio. Watu wa mchana waliingia saa moja wakatoka saa kumi, hesabu ikakubali. Baba aliingia saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mashine ikatoa kumi na mbili kwenye kumi na mbili, ikapata sufuri. Mwezi mzima, sufuri. Wakamwita mfanyakazi hewa. Wakamvua koti pale getini, wakachukua na rungu, watu wanapita kwenda sokoni.

Nilitaka kulia, kilio hakikuja. Nilishikwa na ganzi tu, mpaka vidoleni. Baada ya siku chache mkuu akaja mezani kwangu, hanitazami usoni. "Haya, ivike hiyo kanzu yako. Nafasi itapatikana."

Nikaivika. Nikapitisha upya kadi za baba. Usiku wa kwanza, saa kumi na mbili za kazi. Wa pili vilevile, na kila usiku uliofuata. Sikufurahi, sikuhuzunika. Nikafunga ofisi.

Nilimkuta baba barazani, amevaa viatu vyake vya kazi.

"Shikamoo, baba. Mashine imekubali kwamba ulikuwepo. Wamesema urudi leo."

"Marahaba. Na yule bwana wa ghala, niliyekuwa namkabidhi funguo kila asubuhi, mkono kwa mkono? Na yeye alikuwa anasubiri mashine?"

Baba akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.