Nailoni ya Viti

Sijawahi kupenda gari, na sababu yangu ina harufu. Ni harufu ya nailoni iliyopikwa na jua la Mombasa, ikachanganyika na manukato matamu ya kichupa kilichobandikwa mbele ya dereva. Nikiinusa hata leo, hushuka nikaendelea kwa miguu.

Ilikuwa miaka ya tisini, magari ya mitumba yalipoanza kushuka bandarini kwa wingi. Kaka yangu alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo upande wa Mbaraki. Aliyaona yakishuka kutwa, na kila jioni alituletea maoni nyumbani. Pijo ni gari la wazee. Landrova ni la polisi. Mjapani ndiye fundi, wengine wote wagonga mabati. Kwenye baraza ya mtaani kwetu, Mji wa Kale, wazee walimpinga huku wakinywa kahawa. Walisema Mjapani si mjinga hata atupe kitu kizima, na kwamba mita za maili zilirudishwa nyuma kabla ya magari kupakiwa melini. Wakabishana injini na giaboksi mpaka adhana ikawanyamazisha. Nilipita hapo na buibui langu nikiwasikia, na katika wote hao hapakuwa na mwenye hata baiskeli.

Kisha kaka akanunua lake, jeupe. Mzee mmoja wa barazani akasema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda," na wenzake wakacheka. Mama yetu hakucheka. Alilifukiza udi ndani na nje, akasoma dua, akapuliza kwenye magurudumu yote manne. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya kichochoro ambacho watu wawili wanene hupishana kwa kuombana radhi, kwa hivyo gari lililala mdomoni mwa kichochoro, mbele ya duka la Bohora, Mhindi muuza misumari, ambaye kila asubuhi alilizunguka akiguna.

Viti vyake vilivikwa nailoni nzito. Muuzaji ndiye aliyeivika ili gari lionekane jipya, na kaka akaapa haitoki.

"Siku itakayotoka nailoni, gari lishazeeka," alituambia. "Kaeni kwa adabu, msikwaruze."

Tukakaa kwa adabu. Nilikwenda nalo Tudor kwenye arusi mara moja tu. Nailoni ililia kila nilipojitikisa, jasho likanikusanyikia chini ya mapaja, na niliposhuka buibui liliniganda mgongoni mbele ya watu. Redio haikushika stesheni hata moja, ilikoroma tu njia nzima, na kaka akakataa kuizima kwa sababu ilikuwa ya Kijapani.

Lililonichukiza zaidi ni maji. Mifereji ya mtaani ilikuwa mikavu kwa majuma, tukitegemea Mgiriama mmoja wa makamo aliyetuletea maji kwa mkokoteni, mitungi imepangwa safu. Mama alitawadha kwa kopo moja na maji ya kuoshea mchele akayaweka ya kuoshea vyombo. Kila Ijumaa kaka alichukua mitungi miwili mizima akaliogesha gari. Mama alimtazama, akarudi kwenye kopo lake. Mimi nilinung'unika jikoni, mahali ambapo manung'uniko hayamfikii mtu.

Siku moja mama aliamka na tumbo la kuendesha na kutapika. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na sauti imekauka. Tulimshika huku na huku, mimi na kaka, tukamtoa kichochoroni polepole mpaka kwenye gari. Leso aliyojifunga ilikuwa imeshalowa. Kaka akafungua mlango wa nyuma, akamwangalia mama, akaangalia kiti, akasimama.

"Mama, ngoja kidogo," akasema. "Tutandike kitu." Akanigeukia. "Lete ile nailoni ya mezani."

Nikamwegemeza mama kwenye ukuta wa duka, nikaenda, nikarudi nayo. Nailoni ya kutandika juu ya nailoni. Mama aliniona nikiikunjua. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mtoto aliyemzaa.

"Gari lako lanionea kinyaa, mwanangu," akamwambia kaka. "Niitieni mwenye maji."

Tulimbembeleza. Kaka alimshika mkono, mama akauondoa. Mwenye maji alikuwa hatua chache tu, akishusha mitungi, na alikuwa ameyasikia yote. Akaishusha iliyobaki, akatandika gunia juu ya mkokoteni, na juu ya gunia akatandika shuka lake mwenyewe, jeupe kuliko gari.

"Lala, mama," akamwambia. "Sitakutikisa."

Akamvuta hivyo mpaka zahanati ya upande wa Bondeni. Mimi nilitembea ubavuni, nailoni ya mezani bado mkononi kwa kuwa sikujua niitupe wapi. Nyuma yetu kaka aliendesha mwendo wa mkokoteni, taa zikiwakawaka kushoto na kulia. Watoto wa njiani walidhani ni arusi wakapiga vigelegele. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

Mama alitiwa maji ya mshipa siku tatu akapona. Alirudi nyumbani kwa miguu. Hakulitaja jambo lile hata siku moja, wala gari hakulipanda. Kaka akimfungulia mlango, alijibu kwa upole, "Miguu yangu ipo, baba." Aliishi miaka miwili zaidi, na alipokufa alichukuliwa kwa mabega ya wanaume, kama tunavyochukuana sisi, na gari likabaki mbele ya duka la misumari.

Baada ya matanga kaka alichukua kisu cha jikoni akaenda kuchana ile nailoni. Nilimfuata. Chini yake viti vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, kitambaa kinameguka kwa vidole, na uvundo uliotoka ulimfanya Bohora afunge mlango. Kaka alikaa palepale juu ya uozo akalia.

Nilitaka kumwambia maneno makali. Nilikuwa nimeyapanga kwa miaka miwili na yote yalikuwa ya haki. Lakini siku ile ya ugonjwa wa mama, yeye aliomba tu. Nailoni ya mezani niliileta mimi, tena nilikwenda mbio.