Nilimpiga Yesu Ijumaa Kuu, bibi wa mchumba wangu akarudisha barua ya posa

Wakuu, habari za humu ndani? Wazee wa jukwaa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya hapa kwa miaka mingi. Nasoma nyuzi zenu nikisubiri wateja gereji, nacheka peke yangu mpaka wapita njia wananishangaa. Leo nimeamua na mimi nichangie ya kwangu.

Mtakaosema ni chai, leteni na vitafunwa kabisa. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari. Ameshanifutisha sentensi mbili.

Twende.

Mimi ni fundi pikipiki, kata ya Mkumbi, huku Mbinga. Lakini nimekulia Mbinga mjini nyuma ya stendi, na baada ya shule ya msingi elimu yangu kubwa niliipata kwenye banda la video.

Wa rika langu mnalijua banda. Benchi la ubao, jua linapenya kwenye matundu ya bati, dijei anatafsiri filamu kwa Kiswahili chake na kuongeza chumvi mpaka stelingi anaongea kama mtu wa Songea.

Wenzangu wote walimpenda stelingi. Mimi nilimpenda adui.

Adui ndiye alikuwa na kicheko, jamani! Anampiga mtu, anasimama, anacheka taratibu huku anamwangalia, halafu anaendelea. Kicheko kile nilikifanyia mazoezi mbele ya kioo cha mama mpaka siku moja akanifukuza na mwiko.

Sasa, kigango chetu kila Ijumaa Kuu vijana tunaigiza Njia ya Msalaba. Tunaanzia kanisani, tunapita katikati ya mashamba ya kahawa, tunapanda ule mlima wenye ngolo (wasio wa huku, ngolo ni yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, mlima mzima unakuwa na vishimo vishimo), mpaka juu kabisa ndiko anakosulubiwa.

Na Ijumaa Kuu huku ni msimu wa mvua. Tope linavuta viatu. Yesu wetu huwa anaanguka mara nyingi kuliko zile tatu zilizoandikwa.

Mwaka huo katekista akanipa uaskari wa kupiga mijeledi. Yesu alikuwa Kastori, rafiki yangu, dereva bodaboda, mtu mpole mpaka anaboa. Abiria akishuka bila kulipa yeye anasema "labda amesahau".

Mjeledi wa kigango ulikuwa wa maganda makavu ya mgomba. Unapiga, hauumi, unatoa mlio wa kizembe kama mtu anakung'uta mkeka. Damu ilikuwa juisi ya rozela.

Mimi nikauangalia ule mjeledi nikasema, hapana. Mimi mtu wa banda niaibike mbele za watu na maganda ya mgomba?

Nikaenda gereji, nikachukua tyubu ya pikipiki iliyokufa, nikaikata vipande vitatu virefu, nikavifunga kwenye mpini. Nikajaribu kwenye gunia la pumba. Paa! Nikafurahi sana. Sikumwambia mtu.

Na huku mwalimu wa kwaya naye alikuwa amemkazania Kastori wiki nzima: "Kastori, Yesu hakulalamika. Ukilia lia utatuharibia."

Mnaona tunakoelekea.

Siku yenyewe watu walijaa kuliko miaka yote. Wamama wa jumuiya na vitenge vyao, vijana na simu juu. Nikapiga la kwanza, paa! Watu wote "aaah!" Kastori akaruka kidogo.

Nikapiga la pili. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Vijana wakashangilia, "Askari! Askari!"

Wakuu, nisiwafiche. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia maishani. Watu wote wananiangalia mimi. Nikasimama, nikawageukia, nikaachia kile kicheko.

Walipagawa. Nikaongeza mengine.

Kufika kituo cha nne mama mmoja alinitwanga na bonge la tope kisogoni. Kituo cha saba bibi mmoja akaniambia, "Mungu anakuona we mbwa." Nikaichukua kama tuzo.

Wiki ile nilikuwa staa. Sokoni mama wa nyanya aligoma kuniuzia, akasema nikanunue kwa Pilato. Mama ntilie akanipa wali na maharage, nyama hana, wakati jirani yangu analetewa nyama nikiwa naona. Watoto wakiniona wanakimbia. Nami natembea kifua mbele, kila aliyerekodi namuomba anitumie video.

Ile nzuri kuliko zote nikamtumia Emiliana, mchumba wangu, fundi cherehani pale Mbinga mjini. Naye kwa kujivunia mtu wake akaitupa kwenye grupu la familia yao: "Muoneni shemeji yenu anavyojua."

Hapo ndipo mtoto wa kike alipotuchimbia shimo. (Ananiambia nifute hii. Sifuti.)

Kwao Emiliana ni ziwani, kijiji kimoja cha ufukweni kupita Mbamba Bay. Baba yake alishafariki, na mambo ya posa anayasimamia bibi yake, mama wa baba. Kwaresima tulikuwa tumetulia kwa heshima, tukapanga Pasaka ikiisha tu barua iende.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Eliasi, mzee wa maneno matamu, hajawahi kurudishwa na barua tangu aanze kazi hiyo. Akateremka ziwani Jumatatu. Jumanne mchana akarudi, akashuka kwenye bodaboda bila kunisalimia, akanipa bahasha.

Haikuwa imefunguliwa.

"Baba mdogo, vipi?"

"Mwanangu, bibi kasema mjukuu wake hamwozi kwa mtu aliyempiga Yesu."

Nilicheka, wakuu. Nikadhani utani. Nikampigia Emiliana nikiwa nacheka, nikakuta mwenzangu analia.

Ndipo akanieleza kitu ambacho alikuwa hajawahi kuniambia kwa aibu ya nyumbani kwao. Dada yake mkubwa, Fides, aliolewa na mtu mcheshi, kila mtu kijijini alimpenda. Miaka mitatu baadaye Fides alirudi nyumbani mkono umevunjika. Na aliyeipokea posa ya yule bwana ni bibi huyo huyo.

"Bibi ameiangalia video yako mara nyingi," Emiliana akaniambia. "Anasema hamuoni Yesu wala msalaba, anakuona wewe unavyocheka."

Nikakaa juu ya tairi bovu pale gereji, mteja anasema breki zake, simsikii. Nampenda huyu mwanamke jamani. Nilikuwa nimeshamwahidi mama yangu kwamba namletea mkwe, nimeshapaka nyumba rangi, na sasa namkosa kwa sababu ya kujifanya adui wa filamu.

Baba mdogo akarudi tena kubembeleza. Safari hii bibi akatuma jibu: "Aje mwenyewe. Na aje na huyo aliyempiga."

Kwa taratibu zetu muoaji haendi ukweni kabla barua haijakubaliwa, lakini bibi akisema njoo utabisha? Tukateremka watu watatu: mimi, baba mdogo, na Kastori ambaye alifunga bodaboda yake siku nzima kwa ajili yangu bila kuuliza swali.

Tulifika mchana. Watoto wa kijiji wakamuona Kastori, wakapiga kelele, "Yesu kaja! Yesu kaja!" Walitufuata mpaka mlangoni. Kastori wa watu anaona aibu, anawapungia mkono, ndiyo kabisa wanazidi.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Mdogo wa umbo, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo bibi," nikasema nikiwa nimepiga goti.

"Marahaba." Akanipita kwa macho, akamgeukia Kastori. "Karibu mume wangu! Pole na safari. Kaa hapa karibu yangu."

Chakula kikaja. Kastori akawekewa samaki wa ziwani, mbasa mzima, mkubwa, anatoka nje ya sahani. Baba mdogo akapewa wa wastani. Mimi nikaletewa ugali na mkia.

Mkia, wakuu. Nikashukuru, nikala.

Tulipomaliza kunawa bibi akamwambia Kastori, "Mume wangu, vua shati nione mgongo."

Kastori akasita. Akaniangalia. Akafungua vifungo taratibu, akageuka.

Ilikuwa imepita karibu wiki tatu. Zilikuwepo alama mbili ndefu, nyeusi, kuanzia begani kushuka. Mimi na Kastori tunaonana kila siku, anakuja kutengeneza pikipiki kwangu, tunakula pamoja, na hakuwahi kuniambia. Na mimi sikuwahi kumuuliza.

"Kastori, mbona hukusema?"

"Nilidhani ndivyo inavyotakiwa," akanijibu. "Halafu baadaye nikaona tayari umefurahi."

Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi akamuita Fides atoke ndani na simu. Fides akatoka, akaniitikia salamu, akaweka ile video, akamshikia bibi. Bibi akanyoosha kidole. "Hapo. Simamisha."

Ni pale ninapocheka.

"Wewe kijana. Ulimuona mwenzako anaruka?"

"Bibi, yale yalikuwa maigizo..."

"Sijakuuliza maigizo. Ulimuona anaruka?"

Baba mdogo akakohoa, akataka kuingilia na maneno yake matamu. Bibi akamnyooshea kiganja tu, mzee wa watu akayameza.

Nikaangalia ile sura kwenye simu. Niliwahi kuiangalia mara mia na kila mara najisifu. Safari hii Fides ndiye aliyeishika, na ule mkono wake niliona haunyooki vizuri.

Nikasema, "Nilimuona, bibi."

"Na ukafanyaje?"

"Nikaongeza."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wananishangilia. Nilikuwa nafurahi."

Hapo baba mdogo akafumba macho, akijua tumeshapoteza. Hata mimi nilijua. Nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho nione nimevua upande gani.

Bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Huyu alivyorudi hapa na mkono umefungwa, mume wake alikuja akaketi hapo hapo ulipoketi wewe. Akasema mkewe ameteleza kisimani. Nikamuuliza mara ya pili, akasema ameteleza. Ndugu zake wakaja, wakasema ameteleza. Mpaka leo ameteleza. Wewe ndiye mwanaume wa kwanza kukaa kwenye mkeka huu akaniambia, 'Nimepiga, na nimefurahi.'"

Fides alikuwa analia bila sauti. Na mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika.

"Muombe mwenzako msamaha," bibi akasema.

Nikamuomba Kastori msamaha pale pale, kwa magoti. Kastori akasema "yaishe bwana", akaanza kuvaa shati, akakosea vifungo.

Bibi akamgeukia baba mdogo. "Mzee, ile barua umekuja nayo?"

Baba mdogo alikuwa nayo kwenye mfuko wa koti! Alinificha. Akaitoa haraka kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili mawazo.

"Niachie. Tutaisoma wenyewe, tutawajibu. Na huyu kijana akija tena apewe samaki."

Jibu lilikuja ndani ya wiki mbili. Tukafunga ndoa baada ya mavuno ya kahawa, na Kastori ndiye aliyenisimamia.

Pasaka iliyofuata nilimuomba katekista anitoe kwenye uaskari. Akakataa, eti nimeshazoeleka. Basi nikarudi na maganda yangu ya mgomba. Vijana walilalamika sana, mwaka huu askari hana ladha, video hazina mzuka.

Bibi alikuwa amepanda kutoka ziwani kuja kutuona, akatembea na sisi mpaka mlimani na umri ule. Tulipomaliza nikamsogelea nimpe mkono kwenye tope. Akanishika, akaniambia, "Leo umeigiza."

Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa wakuu, sijaja kuwakataza filamu za ngumi. Mimi mwenyewe jana nimeangalia moja na wife, na bado namkubali adui. Nilichojifunza ni kwamba sinema haikunituma kumpiga Kastori. Ilinipa kicheko tu. Watu walioshangilia ndio walionipa nguvu, na mimi ndiye niliyemuona mwenzangu anaumia nikaendelea.

Na jambo hili haliishii kwenye mlima wetu. Stendi zote nchi hii mwizi akikamatwa anapigwa, na sisi tunatoa simu. Nimewahi kurekodi video moja ya hivyo, nikaitunza. Niliporudi kutoka kwa bibi niliifungua, nikasikia kuna mtu anacheka karibu kabisa na simu. Ilikuwa sauti yangu.

Karibuni mchangie, na mtakaonitukana ruksa, nimeshazoea tope.

Ila kabla hujaandika, nenda kwenye simu yako utafute video moja ya namna hiyo. Usiangalie picha. Iweke sikioni, sikiliza wanaorekodi, halafu rudi hapa utuambie umemsikia nani.