Alisema Ameona Mabegi Saba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya Kitengela inauma masikio, na Masila Muema analizunguka basi la shule kwa mara ya pili. Anapapasa magurudumu. Anainama na kutazama uvunguni, anapangusa umande kwenye kioo cha upande wa mlango. Halafu anatoa ufunguo mfukoni na kumpa mtu mwingine.

"Sopa, mzee," Koinet, dereva mpya, anamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," anaitikia Masila. "Twende pole pole, leo barabara iko na vumbi mingi."

Kwa miaka kumi na tisa ufunguo huo ulikuwa wake. Sasa, akiwa na umri wa miaka 57, Masila ni mhudumu wa basi hilo hilo: anafungua mlango, anavusha watoto, anahakikisha wameketi. Mshahara umeshuka kutoka shilingi 29,000 hadi 16,000. Hakuna aliyemshusha cheo. Alijishusha mwenyewe.

Mwezi Mei, Mwelu, msichana wa Gredi ya Pili, alishuka mbele ya geti la kwao akadondosha chupa ya maji. Akainama kuiokota kando ya gurudumu la mbele, upande wa mlango. Masila akaondoa basi. Ndunge, mama wa mtoto, akapiga nduru, na breki zikashika. Chupa ilipondeka. Mwelu alitoka na mkwaruzo kwenye kiwiko.

Siku hiyo mhudumu alikuwa mgonjwa na hakuna aliyewekwa mahali pake. Watoto thelathini na wawili, mtu mzima mmoja! Na shule ililala usingizi wake vizuri tu.

"Niliambia kila mtu ati jua lilinipiga machoni," anasema Masila. "Mzee mzima, nikadanganya."

Ukweli ni kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufifia zamani. Miaka miwili iliyopita alipimwa macho, akapita.

"Nilikaa kwa foleni nikasikiliza wale wa mbele wakisoma zile herufi. Nikazishika zote kichwani. Zamu yangu ikafika, nikasoma bila kukwama. Wakaandika niko sawa. Nilifurahi, unajua? Nilifurahi kabisa."

Baada ya tukio la Mei, shule ilimwita Tabitha Katoo, mwalimu wa madereva kutoka Kiserian, awafunze madereva wake wanne. Tabitha aliazima mabegi tisa ya wanafunzi, akayapanga kulizunguka basi. Kila dereva aliketi kwenye usukani na kutaja idadi aliyoiona. Wawili wa kwanza walisema saba, tena kwa sauti.

"Mimi niliona manne," anasema Masila. "Lakini mdomo ukasema saba. Ulikuwa umezoea."

Tabitha hakubishana naye. Alimwomba ashuke, ayaguse hayo saba. Masila akagusa matatu upande wa usukani na moja mbele ya basi. Kisha akazunguka upande wa mlango, na hapo kando ya gurudumu la mbele akakuta begi la kijani lenye ua la uzi lililoshonwa kwa mkono. Analijua begi hilo. Ni la Mwelu.

"Ngai! Mara mbili, pahali pamoja, na simwoni. Nilikaa chini kwa changarawe nikalia."

Alipoinuka, alimkabidhi Tabitha ufunguo kabla hajaulizwa lolote.

"Nimefundisha miaka tisa na wengi hunificha ukweli," anasema Tabitha. "Huyu mzee alinigusa moyo."

Hospitalini Masila aliambiwa ni presha ya macho. Jicho la kushoto halitarudi. La kulia nalo limeanza kufifia, na dawa ya matone inachelewesha tu.

"Nilimlaumu, tena sana," anasema Ndunge. "Nilimwambia maneno siwezi rudia mbele ya watu. Halafu akaja kwangu na mkewe, akaniambia mambo ya zile herufi, na hakuna mtu alikuwa amemlazimisha. Tukalia wote."

Shule imemwahidi kazi hadi Desemba. Ameanzisha sheria moja: kila mtoto anapopanda ataje jina lake kwa sauti. Wazazi wanadhani ni nidhamu. Masila anazoeza sikio, kwa ajili ya siku ambayo jicho la pili litamwacha. Watoto thelathini na mmoja hutaja. Tangu Mei, Mwelu hajamsemesha.

"Nikisikia kiatu kwa ngazi na hakuna jina, najua ni yeye. Sijamlazimisha. Macho yakienda, yaende, hiyo nimekubali. Lakini kabla shule ifungwe, nataka tu huyo mtoto aniambie jina lake."

Basi linasimama kwenye geti la Ndunge, kituo cha mwisho. Masila anashuka, anatazama kando ya gurudumu, ananyoosha mkono. Begi la kijani linampita. Kiatu kinagusa ngazi. Masila anainamisha kichwa, anasubiri jina.

Kisha anafunga mlango.

"Thelathini na wawili," anamwambia Koinet. "Twende."