Kibatari cha Mchimba Visima

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, baba mdogo huwasha kibatari, hukiweka sakafuni kwenye kona iliyo mbali na dirisha, kisha hukaa kitandani kukitazama. Moto ukisimama wima husema, "Hewa ipo," akauzima kwa vidole viwili.

Amechimba visima miaka thelathini na moja. Katika kazi hiyo mtu hashuki kabla kibatari hakijatangulia. Unakifunga kwenye kamba, unakiteremsha hadi chini. Kikizimika, hushuki hata ukiitwa mwoga. Mwenzake mmoja alishuka bila kukitanguliza, kwa kuwa kisima kilikuwa kifupi na jua lilishapanda. Walimvuta juu kama ndoo. Baba mdogo ndiye aliyemfumba macho.

Mwaka juzi alianza kuamka uso umevimba, nikampeleka kliniki. Daktari, mama mpole mwenye haraka nyingi, alimwambia kwamba presha ya miaka mingi imeua mishipa midogo ndani ya figo.

"Figo zako zinakosa oksijeni, mzee wangu. Panapokosa oksijeni pakikaa hivyo hugeuka kovu, na kovu nalo linaibana mishipa iliyobaki. Ndiyo maana haliishii hapo lilipoanzia."

Akamwandikia vidonge vya kumeza kila siku, maisha yake yote.

Baba mdogo aliondoka na maneno mawili tu: kukosa oksijeni. Kwenye korido alikuwa anacheka.

"Si unaona? Ni hewa ya mashimoni. Dawa yake ni kutoka shimoni, basi."

Nilijua sivyo. Lakini mabenchi yalikuwa yamejaa watu, naye ni baba yangu. Nikajiambia nitamweleza nyumbani. Nyumbani alianza kugawa sururu zake palepale, amechangamka kama mtu aliyeachiwa huru. Nikanyamaza siku hiyo, na siku iliyofuata ikawa vigumu zaidi.

Alihamia chumba chenye madirisha mawili. Akawa anatembea alfajiri, kifua mbele, akivuta pumzi kwa nguvu hadi majirani wakamzoea. Vidonge vilipokwisha hakufuata vingine. "Shina nimeshaling'oa," alisema, "majani yatakauka yenyewe." Kilichobaki ni kibatari, cha kuhakikisha.

Rafiki yake, aliyekuwa mvuta kamba wake tangu ujana, alimkuta siku moja amekiinamia.

"Wewe! Unatafuta maji uvunguni?"

"Natafuta uhai. Na wewe endelea na hiyo kamba, ipo siku itakuvuta wewe."

"Tazama miguu ilivyonona! Kumbe kustaafu kunanenepesha hivi?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Nilikuwepo, nikamimina chai. Hakuwa amenenepa.

Wiki iliyopita alishindwa kuvaa viatu, ndipo akakubali turudi kliniki. Nesi alimbana kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni.

"Tisini na nane," alisema nesi.

Baba mdogo akanigeukia. "Umesikia, msomi? Chuo kizima hukuwahi kupata hizo!"

Nesi alicheka. Daktari alikuwa anasoma karatasi ya majibu ya damu, na hakucheka.

"Oksijeni imejaa kwenye damu yako, mzee wangu. Haifiki tu kwenye figo. Njia zake zimekufa."

Baba mdogo alikitazama kidole chake. "Yaani maji yapo, mshipa umeziba."

"Ndivyo."

"Sasa huo si unazibuliwa? Unashuka taratibu, unachokonoa..."

"Kovu halizibuliwi. Vile vidonge vilikuwa vya kulichelewesha. Sasa figo zote mbili hazifanyi hata sehemu moja ya kumi ya kazi yake. Imebaki mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, na foleni ya mashine ni ndefu."

"Ndefu kiasi gani?"

Daktari alikunja ile karatasi, akaikunjua tena. "Tutaandika jina lako leo," alisema.

Njiani baba mdogo hakuvuta pumzi kwa nguvu. Alitembea akishika ukuta, kama mtu anayepapasa ndani ya kisima.

Leo asubuhi nimemkuta amekaa kitandani, miguu imejaa maji, ngozi inang'aa. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Hatujapigiwa simu ya mashine. Kibatari kilikuwa sakafuni pale pale, moto umesimama wima, lakini hakusema hewa ipo. Nilikaa kando yake. Swali nililolibeba wiki nzima lilinitoka kwa sauti ndogo.

"Baba mdogo, umeiona miguu ikivimba mwaka mzima. Kwa nini hukukubali turudi kliniki mapema?"

Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kona.

"Kilikuwa kinawaka, mwanangu. Nikajua hakuna neno."