Mita Yangu Moja

Watu husema rekodi haidanganyi. Husema hivyo kwa sababu hawajawahi kuandikwa. Mimi nimeandikwa, na nakuambia rekodi ni mdomo wa mtu aliyeinama penye tepu ya kupimia. Mdomo huo ukiteleza saa tisa, saa kumi imekuwa historia, na wajukuu zako wataisoma.

Kuna orodha kwenye mtandao ya wanawake waliorusha kisahani katika mashindano ya bara letu, tangu yalipoanza hadi juzi. Binti yangu aliipata mwaka jana akiwa kazini, akanipigia simu huku akipiga kelele. "Mami, uko kwa list! Uko namba nne!" Jumapili akaja nayo nyumbani Njiru, tukaitazama kwenye simu yake. Ni mistari myembamba tu: mwaka, jina, nchi, mita. Wa kwetu ni wachache, maana nchi hii inajua miguu ya kukimbia tu. Mrushaji hapa ni kama mpishi wa harusi, hukumbukwa siku chakula kikiungua.

Nikajiona. Namba nne, na mita zangu pembeni. Juu yangu yuko mwanamke wa tatu, aliyevishwa nishani ya shaba. Kati ya mita zake na zangu kuna urefu wa mkono wangu wa kulia, kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati. Najua, kwa sababu niliwahi kuipima tofauti hiyo ukutani kwa chaki, nikasimama kando yake nikiwa nimenyoosha mkono, nikalia. Siku ile jukwaani walikuwa wameketi maofisa wa vikosi, wanaoajiri wanariadha, na kila mtu alijua wanachotaka: waliovaa nishani. Mwenye nishani angevaa sare, apate nyumba, aendelee kurusha. Wa nne angepigiwa makofi. Basi mimi nilipigiwa makofi, na bega langu la kurushia likaenda soko la Muthurwa kuinua magunia ya viazi. Liko huko mpaka leo.

Binti yangu alifurahi sana. Sikumharibia furaha yake.

Aliyenifundisha kurusha hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa fundi wa kuchonga, Mkamba aliyeingia mjini na patasi zake kwenye mfuko wa gunia, akapanga chumba kimoja Shauri Moyo. Mchana alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Saa kumi alikuja uwanjani, ule wa vumbi nyuma ya nyumba za kanisa, akatufundisha sisi wasichana ambao mama zetu walikuwa bado sokoni Gikomba. Visahani alituchongea mwenyewe kwa mti mgumu, kisha wafua vyuma wa hapo karibu wakavipigia ukingo wa chuma. Vilikuwa vinazunguka vizuri kuliko vile vya dukani, na mpaka leo sijaona mtu wa kunibishia hilo.

Tepu yake ilikuwa na kasoro moja. Siku moja aliiacha mezani pa kazi, akapitisha msumeno juu ya ubao na tepu pamoja, mita ya kwanza ikakatika, ikapotea ndani ya vumbi la mbao. Hakununua nyingine. Tukawa tunashikilia mahali palipokatika pale kisahani kilipotua, yeye anasoma kwenye duara, kisha anatoa moja. Mwanzoni alisema kwa sauti, "Thelathini na tano, toa moja, thelathini na nne." Baadaye hakuhitaji kusema. Macho yalisoma thelathini na tano, mdomo ukatamka thelathini na nne, na sisi tukaandika; hata tulipopewa zamu ya kusoma, tulifanya vivyo hivyo. Hata mtaani likawa neno. Mtu akijisifu kwamba amekula kuku mzima, unamwambia, "Toa moja." Kijana akidai ana wasichana watatu, "Toa moja." Tulicheka sana na neno hilo. Leo nikilisikia natamani kumpiga mtu.

Nilimpenda yule mzee. Naandika hili waziwazi ili mtu asidhani nilikuwa na kinyongo cha zamani. Baba yangu aliondoka nikiwa mdogo, na siku ya harusi yangu fundi ndiye aliyenishika mkono kuingia kanisani. Kila Krismasi nilimpelekea debe la viazi, vile vikubwa vya Nyandarua, nikavichagua kimoja kimoja. Alipokea kwa mikono miwili na kuniombea baraka.

Mashindano ya bara yalipoletwa hapa mjini kwetu, fundi alikuwa ameshasomea uamuzi wa riadha. Walimpa koti la bluu lenye nembo kifuani, na Shauri Moyo nzima ikatoka kuliona. Alipangiwa kazi kwenye duara la kisahani. Mimi nilikuwa kwenye timu. Tulidhani Mungu ametukumbuka wote wawili siku moja.

Wakati huo tayari walikuwa na mashine ya kupimia. Mvua ilinyesha raundi ya tano, mashine ikagoma, na kwa raundi ya mwisho wakaleta tepu ya chuma, mpya, nzima. Fundi akainama kwenye duara kusoma. Mwamuzi wa pili, aliyepaswa kuangalia naye, alikuwa ameshika mwavuli na kutazama mawingu. Wenzangu walirusha, fundi akawasomea. Nikaingia mimi. Kisahani kilitoka kwenye kidole cha shahada jinsi kinavyotoka siku moja tu maishani, bila sauti, na nilijua kabla hakijatua. Kilitua kushoto kabisa, karibu na mstari. Wa tatu alikuwa ametua kulia kabisa raundi za mwanzo, kwa hiyo jicho halikuweza kulinganisha. Bendera nyeupe ikapanda, mrusho halali. Fundi akasoma, akatamka, mwandishi akaandika. Namba nne.

Nilisema moyoni, mkono umenidanganya. Miaka ishirini na kitu nimeusingizia mkono wangu. Nimeulaumu nikikata sukuma wiki, nikifua, nikibeba mtoto. Hilo ndilo linaloniuma kupita nishani.

Sasa, Jumamosi moja mwaka huu, fundi alinipigia simu. Bado anafundisha wasichana uwanja uleule, ingawa mgongo umepinda, na kanisa limewapa tepu mpya. Akaniomba nije niwaonyeshe jinsi ya kuzunguka ndani ya duara. Nilimwachia jirani viazi vyangu, nikaenda, na furaha ilikuwa imenijaa. Wasichana walikuwa wanne. Wa kwanza akarusha, mzee akainama, akatamka ishirini na saba.

"Kocha, zii!" msichana akapinga. Alikuwa amefika pale pale penye tepu na kidole chake kiko juu ya namba. "Hapa ni twenty-eight. Kila siku unanikata mita."

"Anatukatanga sote," mwingine akasema, akicheka. "Tumezoea. Sisi huongeza tu kwa kitabu."

Mzee naye akacheka, akasema macho yamezeeka. Mimi sikucheka. Nilitazama tepu ile mpya, nzima, sifuri yake ikiwa imechomekwa kwenye alama ya kutua kama inavyotakiwa. Haikuwa na mita ya kutoa. Niliwaambia wasichana wazunguke uwanja mara mbili. Walipoondoka nikamsogelea.

"Fundi. Ile siku ya mvua. Ulisoma ngapi?"

"Siku gani, mama?"

"Usinizungushe. Unaijua."

Alikaa kwenye jiwe lililo kando ya duara. Akaanza kuifuta tepu kwa kitambaa, polepole, kama anayesafisha kinyago kabla ya kukiuza.

"Nilisoma ile ilikuwa kwa tepu," akasema. "Kisha mdomo ukatoa moja. Wale wengine niliwasomea sawa. Ni wewe. Nilikuwa nimekupima tangu ukiwa msichana mdogo."

Hapo, kama angenyamaza, labda ningelia naye yakaisha. Nani asiyeteleza? Lakini nilimuuliza alijua lini.

"Kabla hujamaliza kuvaa trakisuti."

Nataka msomaji aelewe maana ya jibu hilo. Baada ya matokeo kutangazwa kulikuwa na nusu saa ya kukata rufaa. Nusu saa nzima. Alama ya kisahani changu ilikuwa bado kwenye matope. Mtu mmoja tu uwanjani alijua, naye alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, ndani ya koti la bluu, akinitazama nikifunga kamba za viatu.

"Ni lile koti," akasema. "Hakuna mtu wa Shauri Moyo alikuwa amelivaa. Ningesema nimekosea hesabu ya mtoto wa nasari, wangenivua hapo hapo mbele ya watu. Na wangesema pia nakuongezea kwa sababu wewe ni wa kwetu. Nilidhani utarusha tena mwaka mwingine, uwapite wote."

"Mwaka mwingine ningerusha nikila nini?"

Akarudi kuifuta tepu.

"Na viazi vyangu ulikuwa unavila."

"Msichana wangu, ya kale hayanuki."

"Yananuka," nikamwambia. "Yananuka viazi. Nusa mikono yangu." Na nikamwekea mikono yote miwili usoni, mbele ya pua, mzee wa watu, aliyenishika mkono kuingia kanisani. Sijutii. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata kwa baba yangu aliyetuacha. Baba yangu angalau hakuja harusini.

Nilimwambia aandike barua kwa wanaotunza ile orodha. Akasema waliokuwapo siku ile wamestaafu wote. Nikasema orodha haijastaafu, naisoma kwenye simu. Akaniuliza kama nataka tumvue yule mwanamke wa tatu nishani yake, huko kwao, baada ya miaka yote hii. Hilo lilinigusa, maana nimemwaza sana yule mama. Pengine ameitundika ukutani na wajukuu wanaigusa. Nikamwambia abaki nayo. Sitaki chuma chake. Nataka mita zangu ziandikwe zote, ili binti yangu akifungua simu asome kitu nilichofanya kweli.

"Wacha niombe Mungu kwanza," fundi akasema.

Mtu akitaka kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, siku hizi humtanguliza Mungu. Nilimnyang'anya tepu mkononi.

Wasichana walikuwa wamerudi, wanatweta. "Leo napima mimi," nikawaambia. "Hakuna kukatwa mtu." Wakashangilia. Yule mrefu mwenye rasta akaingia kwenye duara, akazunguka vibaya kwa mguu lakini vizuri kwa kiuno, kisahani kikaondoka kikiwa kimelala sawasawa. Mwenzake akakimbia kuchomeka sifuri. Nikavuta tepu mpaka katikati ya duara, nikainama, nikaibana kwenye ukingo. Tepu ilisema thelathini na mbili.

Mdomo wangu ukasema, kwa sauti kubwa na safi, "Thelathini na moja!"

Msichana mwenye daftari akainua kalamu. Yule mrefu akanijia, akaangalia tepu, akaniangalia.

"Mathe," akasema, "hata wewe?"

Sikuwa nimeshika tepu tangu niache kurusha. Miaka yote hiyo mdomo uliihifadhi ile hesabu bila kuniambia. Niligeuka nikamtazama fundi pale kwenye jiwe, naye alikuwa ananitazama, na usoni mwake niliona kitu kilichonichoma zaidi ya yote aliyosema siku ile. Niliona ahueni. Alidhani sasa tumekuwa wawili. Alidhani nimeelewa, na kwamba nikishaelewa nitanyamaza.

Ni kweli nilielewa. Nikawageukia wasichana.

"Nimekosea," nikasema. "Si thelathini na moja. Ni thelathini na mbili. Futa, andika upya."

Msichana akafuta, akaandika. Basi, ikaisha. Hakuna aliyenivua kitu. Hakuna hata aliyenicheka. Walikuwa tayari wanagombania zamu ya kurusha.

Nilimwomba mwenye daftari karatasi moja na kalamu yake. Nikaenda kwenye jiwe, nikaiweka ile karatasi juu ya magoti ya mzee, nikampa kalamu.

"Umesikia 'nimekosea' inavyosemwa," nikamwambia. "Haimalizi hata pumzi moja."

Akaniuliza aanze na nini, na jina langu, au na salamu kwa wakubwa. Nikamwambia aanze na mita. Nikasimama juu yake mpaka akaandika, nikasoma, nikahakikisha hajatoa moja.